Video Isiyokatwa: Kutoka Gitega Hadi Mpaka wa Shamba la Gasorwe

Niliondoka Gitega kwa sababu mjomba wangu Gerevazi haamini video iliyopigwa na mtu mwingine. Yeye yuko Kigoma, alikokulia pamoja na mama yangu, Mungu amrehemu, na mdogo wao Konsolata. Familia iliporudi Burundi, mjomba alibaki na duka lake la spea za baiskeli. Mama aliolewa Gitega na Mwislamu muuza vitambaa, ndipo nikapatikana mimi. Konsolata alirudi Gasorwe, upande wa Muyinga, kwenye shamba la babu, akakuta jirani yao Filipo ameshalilima mpaka anapopataka. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Shamba likikaa muda mrefu bila mwenyewe, jembe la jirani lina tabia ya kutembea.

Walizozana mpaka wakachoka. Mwishowe Filipo, ambaye sasa ni mzee, alisema yuko tayari kuutembea mpaka mbele ya wabashingantahe, yaani waamuzi wa kilima, na kutamka katika kila kona pa nani ni pa nani. Kwetu neno la namna hiyo hutamkwa mguu ukiwa juu ya udongo wenyewe, na halirudiwi. Lakini mjomba ndiye mkubwa, lazima naye akubali. Konsolata aliwahi kumtumia vipande vipande vya video ya simu akimwonyesha shamba. Mjomba akajibu, "Palipokatwa ndipo mlipouza." Akatoa sharti lake: video moja, toka kona ya kwanza mpaka ya mwisho, isiyokatwa hata mahali pamoja, na nyuso zionekane. La sivyo kesi anampa wakili, shamba lilale mpaka korti iseme. Na mvua za kupandia maharage zilikuwa zimeanza. Konsolata hana shamba lingine.

Mimi nauza vifaa vya simu sokoni. Kwa akili za familia yetu, anayeuza chaja ni injinia.

Gitega, mtaa wa Mushasha, asubuhi. Nilikwenda kwa Emery, anayepiga video za harusi karibu na kanisa. Ana kamera ndogo ya kujifunga kifuani, ile wanayovaa watu wa pikipiki. Aliniwekea mezani kama anayenikabidhi mtoto mchanga.

"Mama Shadia, we weka 4K, picha sitini kwa sekunde. Inakuwa propre, unaona hata nzi iko inanawa mikono."

"Na betri?"

"Betri, bon... betri inakula."

"Inakula mpaka lini?"

"Saa moja haifiki."

"Nataka saa mbili bila kusimama."

"Saa mbili! Labda uipige ikiwa imezimwa."

Nikavuta kiti. Mipangilio ya kamera ni kama mteja mkaidi: ukimpa picha nzuri anadai chaji, ukimnyima chaji anakupa ukungu, na kila mmoja wenu anajifanya anaondoka. Nikaanza kushusha. Picha sitini kwa sekunde ziwe thelathini, maana shamba halikimbii. Waifai izimwe. Ile ya kutafuta mahali kwa setilaiti izimwe, maana Gasorwe tunapajua. Kioo kijizime chenyewe. Milio yote inyamaze. Nilipofika kwenye 4K na kusema iteremke hadi 1080, Emery aliumia kweli.

"Utaaibisha kamera yangu."

"Kamera haina aibu, Emery. Ina betri."

Akapiga hesabu upya: sasa betri itafika saa moja na nusu, haizidi. Alinipa betri mbili. Nilizihesabu, nikazihesabu tena, zikabaki mbili, lakini kwa sharti la mjomba zilikuwa moja tu, kwa sababu kubadilisha betri ni kukata. Njia ya pili ilikuwa kuichomeka pawabanki kwa waya huku inarekodi. Emery alinionyesha kimlango cha pembeni. "Hapa ukifungua, haikatiki. Ila mlango ukiwa wazi, maji ikiingia tone moja, kwisha. Alors, Mama Shadia, omba jua."

Nilitazama nje. Mawingu yalikuwa yameshakaa juu ya vilima kama wageni waliokuja kula. Hofu yangu ya kwanza ilianzia hapo, na nilikuwa bado sijatoka Mushasha.

Barabara ya Bugendana. Nilipata kiti cha mbele katika teksi ya kuchangia. Petroli ilikuwa haipatikani kwenye vituo, kwa hiyo dereva alibeba yake ndani ya kidumu, akakiweka katikati ya miguu yangu. Nililipia kiti nikapewa na bomu. Kila kona kidumu kilinigusa goti, nami nilisema Bismillahi kwa sauti ili na dereva ashiriki.

"Usiogope, mama. Barabara hii mi naijua hata nikifumba macho."

"Yafumbue tu, baba. Tuijue wote."

Ili nisifikirie petroli, niliijaribu kamera kwa ile betri ya pili. Mteremko wa kwanza, wanaume wa baiskeli walitupita na mikungu ya ndizi, kila mmoja kiatu chake kikiwa ndiyo breki. Niliwapiga kwa ubora wa chini kabisa. Tuliposimama ili dereva amimine petroli, nikatazama: nyuso zao zilikuwa kama ugali. Mjomba hawezi kumtambua Filipo kwa uso wa ugali. Nikarudi 1080. Kisha nikaupiga ua wa minyaa kando ya shamba la mihogo, ile miti ya maziwamaziwa inayotumika kwetu kuwekea mipaka. Ua ulikuwa umenyooka kama kamba. Kwenye picha ulikuwa umepinda kama upinde.

Kamera hizi zimezoea kupiga kwa macho mapana, zinameza kilima kizima na kukunja kila kinachonyooka. Ningempelekea mjomba mpaka uliopinda, angekufa akiamini tumeupinda sisi. Nilitafuta, nikapata mpangilio wa mstari mnyoofu, nikapiga tena ua uleule. Ukanyooka. Nilizima pia ile ya kutuliza mtikisiko, kwa kuwa inakula, kisha nikatembea hatua chache kando ya barabara. Picha iliruka kama mbuzi aliyefunguliwa. Nikairudisha, ila kwa kiwango cha chini. Wanawake wawili waliokuwa wanapita na vikapu vya maharage walisimama kunitazama nikitembea mbele na nyuma, kifua nimekitanguliza, mbele ya mihogo ya mtu.

"Dada, umepoteza kitu?"

"Bado," nikawajibu.

Muyinga mjini, mchana. Tulifika kupitia Ngozi tukiwa wazima wote, pamoja na kidumu. Niliichaji betri niliyoichezea katika saluni yenye sola, nikakaa pale pale kuilinda, huku mashine ya kunyolea ikigombania umeme na mimi. Kinyozi aliniuliza kama nasubiri kunyolewa. Nikamwambia kichwa hakina chaji. Taa ya kijani ilipowaka niliitoa, nikairudisha kuhakikisha, nikaitoa tena. Kisha pikipiki hadi Gasorwe, njia nyekundu, utelezi, na dereva anayeongea na simu.

Gasorwe, jioni. Konsolata alinipokea kwa mikono yenye udongo. Anaongea Kiswahili cha Tanzania, kilichonyooka, tofauti na chetu cha Gitega.

"Karibu mwanangu. Umekonda."

"Ni barabara, mama mdogo."

Alinionyesha mbegu zake za maharage ndani ya ndoo, zimechambuliwa, zinangoja. Kisha tuliuzunguka mpaka wote kwa miguu, mara mbili, mimi nikihesabu muda. Kwa mwendo wa mzee, haukuchukua hata nusu saa. Nikafurahi. Betri ingebaki nyingi, hata ya kuwapungia mkono.

Kwenye kona ya tatu, karibu na migomba, kulikuwa na mtu amesimama akitutazama. Mrefu, kimya, panga mkononi. Huku kilimani panga ni kama simu kwa mtu wa mjini, kila mtu analo. Lakini huyu hakulining'iniza. Alikuwa amelishika.

"Huyo ni Dismas, mwana mkubwa wa Filipo," Konsolata alininong'oneza. "Msimu uliopita aliing'oa minyaa yangu yote niliyoipanda. Moja moja."

"Na kesho atakuwepo?"

"Kwani nani atamzuia? Baba yake amekubali leo. Usiku ni mrefu, mwanangu, na wanawe wanaye huko nyumbani."

Nililala nikiwa nimeiweka kamera kifuani. Sijui nilikuwa nalinda nini dhidi ya nani.

Kona ya kwanza, asubuhi. Walikuja wabashingantahe watatu na fimbo zao, Filipo na koti lake la suti juu ya kaptura, majirani wengi kuliko nilivyotegemea, na Dismas na panga lake, nyuma ya wote. Mjomba alisema toka mwanzo. Nikaona watu wamekamilika, nikabonyeza. Taa nyekundu ikaanza kupepesa. Kioo kikajizima, kama tulivyokubaliana.

Mkubwa wa waamuzi akatazama kulia, akatazama kushoto, akasema kwa Kirundi, "Basi, tukae."

Tukaketi. Ukaja mtungi wa bia ya ndizi na mirija yake. Mimi nikapewa soda. Hapo ndipo nilipojua kosa langu. Nilikuwa nimehesabu miguu, sikuhesabu midomo. Nani kwetu anatembea mpaka na koo kavu? Nimezaliwa katika nchi hii, nimehudhuria posa, misiba, hata kesi ya mbuzi, najua kwamba jambo halifunguliwi kabla ya mtungi na mtungi haufunguliwi kabla ya maneno. Lakini akili ya duka ilikuwa imenipeleka kwenye kamera, na kamera haijui mtungi.

Mwamuzi alizungumzia mvua. Akazungumzia babu yetu, jinsi alivyokuwa akigawa majani ya ng'ombe. Mwingine, mwenye kofia, akasahihisha rangi ya ng'ombe. Wakabishana kuhusu ng'ombe huyo, ambaye alikufa kabla sijazaliwa, na taa nyekundu ikipepesa, ikipepesa. Kuzima sikuweza, maana kuzima ni kukata. Kuharakisha wazee sikuweza, maana huko ni kukata kubaya zaidi.

"Mama mdogo," nikanong'ona, "hawawezi kunywa wakitembea?"

"Wewe! Watu au punda?"

Dismas hakunywa. Alikuwa ameegemea mgomba, ananitazama kifuani.

"Hiyo kitu iko inatuma wapi?" akaniuliza kwa Kiswahili. Kumbe alikijua.

"Haitumi. Inaweka tu."

"Inaweka mpaka lini?"

Nikageukia soda yangu.

Kona ya pili. Tulipoinuka, na Filipo alipokwisha kutamka ya kona ya kwanza, jua lilikuwa limepanda na upepo wa mvua umeanza. Filipo alitembea polepole, akasimama, akakanyaga jiwe. "Hapa ni kwa Konsolata. Kule kwangu." Wazee wakaitikia. Nikageuza kifua chote kumwelekea, kama mtu aliyeshikwa na mgongo, ili uso wake uingie. Kila mtu aliyekuwepo alitaka kusema alichokumbuka kuhusu jiwe lile. Jiwe lilikuwa na marafiki wengi.

Sikuweza kujua betri imebaki kiasi gani. Kuamsha kioo ni kula chaji, na pengine kidole kingegusa kisipotakiwa kugusa. Nilikuwa nimeyanyamazisha mwenyewe yote ambayo yangenionya. Nilibana sana, kama kawaida yangu, mpaka nikabana hata habari.

Kona ya tatu, kwenye migomba. Tone la kwanza lilinipiga mkononi. Filipo alikuwa ndiyo kwanza anafika, na hapa ndipo penye ugomvi wenyewe, mistari ile ya migomba ambayo kila upande husema ni yake. Muda uliokwisha kupita ulikuwa karibu na ule alioniambia Emery kuwa ndio mwisho. Nikiacha, kamera itazimika Filipo akiwa mdomo wazi. Nikifungua mlango, mvua itaingia. Mkono wangu ulikuwa kwenye pawabanki, ndani ya mkoba.

"Mama mdogo, nahitaji kitu cha kufunika. Sasa hivi."

Konsolata alianza kufungua kitenge chake. Kitenge kikilowa kinanyonya, nikajua hakifai. Na kabla sijasema, nikamwona Dismas anakuja. Panga lilikuwa juu.

Filipo alisema jina la mwanawe mara moja tu. Mimi, wallahi, sikukimbia kwa sababu moja: nilifikiri nikikimbia picha itaruka. Nilifumba macho. Nikasikia panga likishuka, mlio mbichi, wa maji.

Nilipoyafumbua, jani zima la mgomba lilikuwa juu ya kichwa changu, pana kama mlango, na Dismas ameshika kikonyo chake kwa mikono miwili. Panga lilikuwa chini kwenye nyasi.

"Fanya haraka," akasema. "Chomeka hiyo waya yako."

Nilifungua kimlango, nikachomeka. Mvua ilikuja sawasawa, ikipiga jani kama vidole. Niliikinga taa nyekundu kwa kiganja ili niione. Ilikuwa bado inapepesa. Filipo akasogea mpaka chini ya jani pamoja nasi, kwa hiyo alitamka neno lake karibu kabisa na kifua changu, maji yakimchuruzika puani: "Mistari miwili hii ni ya Konsolata. Huu wa tatu niliupanda mimi, ni wangu. Sina neno jingine hapa."

Konsolata alikuwa amedai mitatu miaka yote. Nilimtazama. Alitazama mbegu zake, maana alikuwa amebeba kidogo mfukoni sijui kwa nini, kisha akasema, "Nimesikia."

Kona ya nne tulifika tukiwa tumelowa wote isipokuwa kamera. Dismas hakulishusha jani mpaka mzee alipomaliza. Ndipo nikamuuliza kwa nini.

"Kwa nini nini?"

"Uling'oa minyaa yake. Leo unatukinga."

"Ilipandwa mahali pasipo pake. Umesikia mzee." Akakamua shati lake. "Na we unafikiri hiyo kitu ikizimika, tutarudi kutembea tena? Tena mtungi, tena ng'ombe? Mi niko na shamba ya kulima, dada."

Safari ya kurudi, na Gitega tena. Nilibeba kadi ya kamera ndani ya mtandio, imefungwa fundo, na kila tuliposimama niligusa fundo. Barabara ilikuwa na kidumu kingine na dereva mwingine, lakini hofu yangu sasa ilikuwa na kazi nyingine na haikuwa na muda na petroli.

Mushasha, Emery alichomeka kadi kwenye kompyuta yake. Zilitokea video tatu.

"Tatu?" nikasema. "Nilipiga moja!"

"Kamera inajigawa yenyewe, mama. Video ikiwa ndefu inaweka vipande. Donc ni kawaida."

"Kawaida kwa nani? Mbona hukuniambia?"

"Harusi hawaulizagi."

Nilikaa chini. Njia nzima ile, na nimemletea mjomba vipande vitatu. Tukavitazama. Kipande cha kwanza kilikuwa mtungi mtupu. Cha pili kilianza katikati ya ng'ombe. Cha pili na cha tatu vilipokutana, Filipo alikuwa kona ya tatu: kimoja kiliishia "mistari miwili hii ni ya...", kingine kikaanza "Konsolata." Kama kungekuwa na mahali pa kuchagua pa kutokatika, ningechagua hapo, na hapo ndipo palipochaguliwa.

Nilimpigia mjomba kabla hajasikia kwa mwingine. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kamera imejikata yenyewe," akasema. "Hata mwizi husema mlango ulijifungua."

Nilimtumia nakala kwa mfanyabiashara wa Gitega aliyekuwa anakwenda Kigoma. Kisha nikangoja. Siku hizo niliuza vibaya, nikakubali bei za kwanza, majirani zangu sokoni wakadhani naumwa.

Alipopiga, hakusalimia.

"Mvua ile pale kwenye migomba. Nimeisikiliza kwa spika ya dukani. Tone linaanza kwenye kipande hiki na linamalizikia kwenye kile. Sauti ya Filipo pia. Hakuna kilichotoka."

"Ndivyo, mjomba."

"Na mtungi nimeutazama wote. Yule mwenye kofia bado anadanganya, ng'ombe alikuwa na baka jeupe." Akamhudumia mteja, akarudi. "Mstari mmoja tumepoteza."

"Mmoja, mjomba."

"Mwambie Konsolata apande."

Nilimpigia mama mdogo papo hapo, nikamwambia mjomba amekubali, apande, apande leo hii. Upande wa pili nilisikia jembe, kisha sauti ya Dismas ikimuuliza kama zimebaki mbegu za kumgawia.

"Nilipanda siku ile ile uliyoondoka, mwanangu," akasema Konsolata. "Yameshaota majani mawili mawili. Filipo alishatamka, sasa nilikuwa nangoja nini?"

"Na kama mjomba angekataa?"

"Angekuja kuyang'oa mwenyewe, moja moja, kwenye matope." Akacheka. "Haya, kata simu, unakula salio."

Haya ndiyo niliyojifunza, kwa atakayeazima kamera kwenda kilimani. Weka 1080, mstari mnyoofu, thelathini kwa sekunde, zima kila kinachoita, lakini acha kitu kimoja kikuonye. Hesabu midomo kabla ya miguu. Ufunguapo kimlango, jua kwanza nani atashika jani, na usimchague kwa kumtazama usoni. Mengine yote, ubora wa picha, betri, vipande, hayo ni ya yule ambaye hakuwepo. Waliokuwepo walishalowa pamoja, na walikwenda kulima.